Maji Simwagi

Alhamisi, 1 Januari 1998

Girish wa dukani Runzewe ametoa shajara za mwaka mpya kwa wateja wake wakubwa. Hii ilikuwa ya mume wangu Stanslaus, mwenyekiti wa wachimbaji hapa machimboni, lakini yeye akamwambia, "Mpe Mama Mariana, ndiye mwenye mkono wa kalamu." Kweli ninao. Nilifundisha ngumbaru miaka ile ya elimu ya watu wazima, na tangu Mariana aende bweni Kahama sina wa kumfundisha chochote. Basi nitajiandikia mwenyewe.

Mvua inanyesha. Ilinyesha Krismasi, ikanyesha jana. Redioni wanaiita El Nino. Bibi yangu angeiita mvua tu, akaenda zake kulala.

Ijumaa, 2 Januari

Mvua.

Jumatatu, 5 Januari

Leo nimemwaga maji. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, kabla wanaume hawajashuka, mke wa mwenyekiti hubeba kibuyu cha maji yaliyolala nyumbani kwake, huenda nacho hadi mdomoni mwa duara, yaani lile shimo kuu, huyamwaga na kusema, "Nyumbani kwetu hakuna neno." Ndipo kazi inaanza. Siku nyingine zote mwanamke hasogei pale, maana wanasema dhahabu haipendi miguu yetu, na kiongozi mwenye ugomvi nyumbani huikimbiza kabisa. Sijui dhahabu ina wivu gani huo. Lakini siku hiyo huwa najifunga kanga mpya, siwezi kukataa.

Nikishamwaga, Stanslaus hushuka peke yake na kurunzi kukagua matimba, ile miti inayoshikilia kuta. Hupanda akiwa na tope hadi kwenye nyusi, husema, "Shukeni." Au, "Leo hapana." Hakuna anayemwuliza kwa nini. Tangu awe mwenyekiti hatujazika mtu aliyefia ndani ya duara lile. Mdogo wangu Bartholomeo naye huchimba humo, kwa hiyo maji yale nayamwaga kwa moyo wote.

Jumamosi, 17 Januari

Stanslaus kaenda Nkome kununua kamba za kuvutia ndoo. Anasema kamba za wavuvi ndizo zinazodumu. Atakaa wiki, kama kawaida yake.

Jumamosi, 24 Januari

Amerudi. Kamba anazo, dagaa anao, na hadithi anayo. Machimboni mume wangu ni mtu wa neno moja, lakini mwulize habari za safari! Lori lilipata pancha kabla ya Geita. Dereva alikuwa na mjomba pale karibu. Mjomba ana jeki, jeki haina mpini, mpini ukafuatwa kwa padri, padri kalala, mpishi wake anaogopa kumwamsha. Nilicheka hadi mboga ikaungua.

Jumatatu, 2 Februari

Nimemwaga maji. Nyumbani kwetu hakuna neno.

Jumanne, 10 Februari

Daraja la kuelekea Geita limechukuliwa na maji. Malori yote yamesimama. Stanslaus kila jioni anakwenda barabarani kuuliza kama limetengenezwa. Nikamwambia, "Kamba si bado mpya?" Akasema ndiyo, bado mpya.

Jumamosi, 21 Februari

Naandika tangu mchana, na nitaandika yote.

Asubuhi nilikuwa nachambua mchele barazani. Akaja mwanamke kijana, matope hadi magotini, kanga kichwani kama mfiwa, mgongoni mtoto. Alikuwa analia ile sauti ya mtu aliyelia njia nzima. Wafiwa wakija machimboni huelekezwa kwa mwenyekiti, ndiyo desturi, kwa hiyo sikushangaa. Nilimpa kigoda na maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pole. Umetoka wapi?"

"Nkome. Daraja halipo, tulivushwa kwa kamba." Akanywa, akanishika mkono. "Mama, nionyeshe tu walipomzika. Mtoto aone kaburi."

"Walipomzika nani?"

"Kule ziwani walisema duara limewafukia watu huku. Nami nimengoja, haji, haji. Kama angekuwa mzima angekuja. Baba Mabula wangu. Stanslaus."

Nikamwambia hapa hajafa mtu. Nikamwambia Stanslaus mzima, yuko kazini. Akapiga vigelegele, akalia tena, akanikumbatia mimi, akamteremsha mtoto: "Mabula, baba yako mzima!" Mtoto akanitazama. Zile nyusi nazifahamu. Nimezioshea tope miaka yote hii.

Hakuwa anajua amekaa kwenye baraza la nani. Nilipomwambia, akaanza kumfunga mtoto mgongoni aondoke. Mvua ikaja kama imetumwa. Nikamwambia, "Keti. Utamuua mtoto." Kwa kweli mtoto alikuwa na homa.

Anaitwa Mwanaima. Anaanika dagaa. Stanslaus alimwambia kwamba mke aliyekuwa naye alirudi kwao zamani. Kumbe mimi nilirudi kwetu, na hakuna aliyenipasha habari.

Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema. Ya huyu wetu ilikuwa ndefu, ya lori na mapancha, hadi mvua ilipoikata.

Jumapili, 22 Februari

Sikwenda ibadani. Sikupika. Mwanaima ndiye aliyepika.

Jumatano, 25 Februari

Stanslaus analala kwenye stoo ya kamba. Pamemfaa.

Homa ya Mabula imeshuka. Mimi na Mwanaima tunapishana jikoni kwa adabu kama wageni wawili wa msiba. Leo aliniambia, "Dada, nichukie tu, nitaelewa." Nikamwambia nina hasira nyingi lakini anwani yake ni moja. Akacheka kidogo, nami nikacheka, kisha tukalia, kila mtu akitazama sufuria yake.

Jumatatu, 2 Machi

Leo ilikuwa siku ya maji. Nilivaa kanga ya kila siku, nikakaa jikoni.

Wanaume walingoja mdomoni mwa duara hadi jua likatoka, jambo la ajabu siku hizi. Mwisho akaja Stanslaus mwenyewe, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Mariana, watu wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Maji."

"Niende nikaseme nyumbani kwetu hakuna neno? Kijiji kizima kimemwona Mabula. Unataka tuwe waongo wawili?"

Alitazama miguu yake. "Unalosema ni kweli," akasema, akaondoka.

Duara halikushukwa. Nilikuwa najua halitashukwa, na nilisikia raha hadi kwenye vidole.

Jumatano, 4 Machi

Mkutano. Wanawake tulisimama nyuma, lakini masikio yetu yalikuwa mbele.

Sostenes ndiye aliyesema sana. Ni mlokole, hanywi, havuti, mkewe Justa hajawahi kupandishiwa sauti. Akasema, "Nyani haoni kundule. Mwaka jana huyu huyu alimfukuza kijana hapa kwa kulala na mke wa mwenzake, akasema anatuchafulia duara. Leo? Mtu anayemdanganya anayelala naye kitanda kimoja, sisi tunaolala mbali atatuambia ukweli?"

Mchimbaji mmoja mzee akapaza sauti, "Mimi sitaki aniolee binti yangu. Nataka aniangalizie matimba!" Watu wakacheka, lakini walipoinua mikono, mikono ilikwenda kwa Sostenes. Hata wa Bartholomeo. Stanslaus hakujitetea. Alimkabidhi Sostenes kurunzi.

Nilifurahi. Kitu alichosema Sostenes ndicho nilichokuwa nimekisema moyoni juma zima.

Alhamisi, 5 Machi

Justa kamwaga maji. Nilisikia sauti yake kutoka huku, nyembamba, inatetemeka. Wameshuka.

Jumatatu, 9 Machi

Daraja la miti limewekwa. Mwanaima kaondoka na mtoto. Nilimfungia viazi vya njiani. Alipopanda lori akasema, "Dada, hakukusema vibaya hata siku moja. Alisema tu umeondoka." Sijui kama alinipa faraja au aliniongezea. Mabula alinipungia mkono hadi kona, mtoto wa watu, hana kosa.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Nimekwenda kwa Girish kununua chumvi. Naye habari anayo, nani hana? Nikamwuliza, wewe unaonaje, mtu mwongo nyumbani aaminiwe kazini? Akasugua miwani yake. "Mama Mariana, mtu wangu wa kupima sukari namtazama mkono, si kitanda. Lakini nikisikia amemdanganya mkewe, mkono huo sasa nitautazama mara mbili."

"Na ukikuta uko sawa mara zote mbili?"

"Basi nitauza sukari. Lakini chai sinywi naye mpaka nipende mwenyewe."

Nimerudi njia nzima nikiyatafuna maneno hayo.

Jumapili, 15 Machi

Mvua mfululizo. Stanslaus sasa anavuta ndoo kama vijana. Wenzake wakimwona anatazama kuta, husema, "Tazama mbele, Baba Mabula." Jina hilo linawachekesha. Mimi halinichekeshi, na nimejikuta namwonea huruma, nikajikasirikia.

Jumatano, 18 Machi

Jioni Stanslaus alikuja mlangoni, safari hii akiwa amelowa chapachapa.

"Ukuta wa kaskazini unakuja. Wasishuke kesho."

"Mwambie mwenyekiti wako."

"Nimemwambia. Anasema nina wivu. Anasema nataka aonekane hajui kazi."

Kabla sijajibu akaingia Bartholomeo, kashika mkononi moko lake la kupasulia mawe, kesho zamu ni yake. Alikuwa amesikia. "Dada, usimsikilize. Sostenes kaomba, Justa kamwaga maji, duara lina amani. Huyu amekudanganya wewe miaka miwili macho makavu, atashindwa kutudanganya sisi?"

Swali zuri. Ndilo langu mwenyewe. Nikamgeukia mume wangu.

"Umejuaje?"

"Maji ya ukutani jana yalikuwa meupe. Leo ni mekundu."

Nikangoja. Nilingoja padri aliyelala, mjomba wa dereva, jeki isiyo na mpini. Nimeishi na mtu huyu miaka mingi na uongo wake naujua sasa umbo lake lote: ni mrefu, una watu wengi, unachekesha, unaunguza mboga. Alisimama pale anachuruzika maji na hakuwa na neno jingine la kuongeza.

"Bartholomeo," nikasema, "kesho usishuke."

"Yaya, hapana dada! Unamwamini huyu?"

"Simwamini. Lakini naujua uongo wake kuliko mtu yeyote hapa duniani, na huu sio."

Akaondoka akisonya. Najua atashuka, ana kichwa cha baba yetu. Na hao wengine wana dada zao, nao hawatawasikiliza.

Nimekasirika kwamba ni kweli. Ningependa sana awe anadanganya.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekalia mdomo wa duara.

Nilitangulia kabla ya zamu. Pale juu pana magogo mawili yaliyolazwa, na mtu wa kushuka lazima apite katikati. Nikaketi hapo katikati, miguu ikining'inia shimoni. Kumruka mke wa mtu aliyeketi ni matusi, na kwetu faini yake ni ng'ombe. Kumgusa na kumburuta ni zaidi.

Walipofika waliruka nyuma kama wameona chatu. Mwanamke! Si siku ya maji! Mmoja akashika kichwa: "Dhahabu imekwisha, jamani, imekwisha leo!"

"Mwangaluka," nikawaamkia. Hakuna aliyeitikia.

Sostenes alikuja, uso umempauka. "Mama Mariana, ondoka. Unatuharibia riziki."

"Nitaondoka mvua ikikata na ukuta ukikaguliwa."

"Nimeukagua!"

"Umeuombea, Sostenes. Ni vizuri, endelea. Lakini maji yake mekundu."

"Amekutuma mumeo."

Hapo nilisimama nusu, nao wakarudi hatua. "Mume wangu? Mimi nilimwondoa uenyekiti, si ninyi! Mimi nilikataa kumwaga maji! Mnadhani kuna mtu hapa aliyedanganywa na Stanslaus kuliko mimi? Mlidanganywa nini ninyi? Mimi nilipewa padri na mpishi wake! Alinidanganya juu ya mwanamke. Juu ya udongo hajamdanganya mtu. Nimemchunguza, na nina sababu zote za kutaka kumkamata."

Bartholomeo alinisihi, kisha akanitukana, kisha akaketi kwenye kifusi akainamisha kichwa. Stanslaus alikuwa mbali kwenye kibanda cha kamba. Hakusogea. Alifanya vyema.

Hawakushuka.

Ijumaa, 20 Machi

Nimekaa tena. Mvua. Ukuta haujaanguka. Wamenipigia mluzi, wameniimbia wimbo wa mwanamke aliyeolewa na shimo. Una mapigo mazuri, siwezi kukataa.

Mchana alikuja Justa na mwavuli na bakuli la uji. Akasimama mbali kidogo, kwenye mpaka wa wanawake, akasita, kisha akauvuka.

"Mumeo atakasirika," nikamwambia.

"Amekasirika." Akanifunika mwavuli. "Mama Mariana, mimi nilimwaga maji yale nikiogopa. Nyumbani kwetu kweli hakuna neno. Lakini nilijiuliza, ukuta utajuaje?"

Tukanywa uji kwa zamu.

Jumamosi, 21 Machi

Nimekaa. Mgongo unauma. Ukuta bado umesimama, na leo hata mimi nimeutilia shaka. Kama nimekosea, nimewanyima watu siku tatu za kazi kwa neno la mtu aliyenidanganya, na nitachekwa hadi nizeeke. Sostenes amesema Jumatatu nikiwapo watanibeba juu juu, na faini watalipa kwa kuchangishana.

Jumapili, 22 Machi

Tulikuwa kanisani, katekista anasoma somo la pili. Hakukuwa na kishindo kikubwa. Ardhi ilishusha pumzi, madirisha yakatikisika, katekista akanyamaza na kidole kwenye mstari. Kisha tukakimbia wote, na walokole wakatoka kwao wakikimbia, tukakutana pale.

Ukuta wa kaskazini haupo. Magogo yangu mawili hayapo. Ni shimo pana lenye maji mekundu, na mpini mmoja wa moko unaelea.

Tuliitana majina. Kila jina likaitikia. Bartholomeo alinishika miguu akalia kama alipokuwa mdogo, nami nikampiga kofi, nikamkumbatia.

Sostenes alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Stanslaus akamwendea. Nilidhani atamwambia lolote, ana haki. Akamwinua tu kwa kwapa.

Jumatano, 25 Machi

Kamati imekuja nyumbani, Sostenes mbele, kurunzi mkononi. "Nimekuja na aibu yangu," akasema, na nikampenda kwa hilo, si wengi wanaoibeba wenyewe. Wanataka Stanslaus arudi awaongoze kufungua duara jipya upande wa mawe magumu.

"Mrudisheni," nikasema. "Kazi anaijua."

"Ndiyo, mama. Na wewe tunakuomba Jumatatu ya maji utumwagie. Ili yaishe. Mungu mwenyewe ameonyesha kwamba mumeo hana neno."

Wote wakaitikia, "Yaishe."

Nikawatazama. Watu wazuri, wengine nimewafundisha baba zao kusoma. Jumatano ile walimvua kazi ya udongo kwa kosa la kitanda, na leo wanataka kumsafisha kitanda kwa sifa ya udongo.

"Ukuta umeanguka," nikawaambia, "na Mabula bado yupo Nkome, na mimi bado niliambiwa nimerudi kwetu. Ukuta haukunijibia hilo. Mchagueni, hata mkono wangu nitainua. Lakini maji simwagi."

"Sasa tutashukaje bila maji?"

"Mwulizeni mwenyekiti wenu."

Stanslaus alikuwa amesimama nje ya mlango na amesikia yote.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua imepungua. Leo wamefungua duara jipya. Mimi nilibaki nyumbani nikifua, nikimngoja Bartholomeo aniletee habari.

Anasema Stanslaus alishuka na kurunzi, akapanda, akasimama mbele yao wote akasema: "Nyumbani kwangu kuna neno, na kosa ni langu. Maji hakuna. Matimba nimeyakagua, yako imara. Anayetaka, ashuke."

"Halafu?" nikauliza.

"Baadhi walifunga vitu vyao wakaondoka, wanaogopa. Sostenes alishuka wa kwanza. Mimi wa pili."

"Akaongeza nini?"

"Nani?"

"Shemeji yako. Baada ya hapo."

"Hakuongeza kitu, dada."

"Hakuna kisa? Hakuna mtu aliyekutana naye njiani?"

"Dada, nimekuambia hakuongeza."

Jioni alikuja mlangoni. Amezoea mlango sasa, haingii mpaka nimwambie. Nilikuwa nasonga ugali.

"Mama Mariana, kesho nakwenda Nkome kumwona mtoto. Nitarudi Ijumaa."

Nilisimama na mwiko mkononi nikingoja pancha. Haikuja.

"Ingia ule," nikamwambia.